Sentimita Zilizopotea za Mguu wa Waziri

Kuanzia Jumatatu ilikuwa marufuku kiongozi yeyote kuonekana gazetini akiwa na miguu isiyolingana. Tangazo lilibandikwa mlangoni mwa chumba cha habari, lina mihuri mitatu na saini ya Waziri mwenyewe: mguu wa kulia na wa kushoto, "uwe wa kuchorwa ama wa kupigwa picha", sharti itoshane kwa rula. Ikaundwa Kamati ya Ulinganifu wa Miguu, ikapewa ofisi, gari na rula nne.

Chanzo alikuwa mchora katuni wa gazeti, mama wa makamo ambaye wenzake walimwita Shangazi Penseli. Alimchora Waziri amejinyoosha kitini, mguu mmoja umemwelekea msomaji: unyayo mkubwa kama sinia, paja limejificha nyuma ya goti. Ndivyo macho yanavyoona. Waziri yeye aliona kilema.

Shangazi akaitwa. Mwenyekiti wa Kamati aliupima mchoro mara mbili, kisha akavua miwani.

"Shangazi, mguu huu sentimita saba. Huu mbili na nusu. Hizo nyingine umezipeleka wapi?"

"Zipo, Mwenyekiti. Zinakuja kwako."

Mwenyekiti akasogeza kiti nyuma kidogo.

"Kitu kikikuelekea, urefu wake hujificha," Shangazi alieleza. "Cha karibu huwa kikubwa, cha mbali hupungua."

"Hapa hatuzungumzii karibu wala mbali. Tunazungumzia mguu wa Mheshimiwa. Umefupishwa kwa idhini ya nani?"

Akapewa hadi Alhamisi aurekebishe. Barua ya kumfukuza ilikuwa imeshachapwa, imebaki tarehe tu. Shangazi alijaribu, maana kazi ni kazi, na miaka kumi na minane si mchezo. Alipolazimisha miguu ilingane, goti likapinda kinyume kama la korongo. Akaona aibu kama aliyemvunja mtu mguu. Akaichana karatasi.

Alhamisi aliingia mikono mitupu.

"Kazi iko wapi?" Mwenyekiti aliuliza.

"Kabla hujaandika tarehe, baba, nipimie ile pale."

Alinyoosha kidole ukutani, kwenye picha rasmi ya Waziri, ameketi kwenye kochi, mguu wa kushoto umeielekea kamera. Wakaishusha. Rula ikawekwa. Kulia, sentimita ishirini na moja. Kushoto, tisa. Wakarudia kwa rula zote nne.

"Labda kioo kimeivuta," Mwenyekiti alinong'ona, jasho likimtoka.

"Kanuni inasema wa kuchorwa ama wa kupigwa picha," Katibu wa Kamati alikumbusha, akiwa na kalamu tayari.

Kanuni ni kanuni. Barua ikaandikwa siku hiyo hiyo: "Mheshimiwa, mguu wako wa kushoto umepungua sentimita kumi na mbili. Unaombwa uurekebishe ndani ya siku kumi na nne." Mwenyekiti alitia saini huku amefumba macho. Ile ya kumfukuza Shangazi ikabaki bila tarehe.

Waziri angeweza kuifuta kanuni, lakini hapo angekiri kwamba alitia saini jambo asilolijua. Akaamua kwamba kila penye kamera atasimama wima, miguu pamoja, kama mlingoti. Mambo yalienda vizuri hadi uzinduzi wa soko jipya, ambapo jukwaa lilikuwa na ngazi tano na wapiga picha kumi na wawili. Kupanda ngazi kunataka mguu mmoja utangulie. Walinzi wawili wakamshika viwiko, wakampandisha juujuu kama kabati, viatu vimebanana.

Shangazi alichora alichokiona, hakuongeza kitu. Kamati ikapima: sentimita sita, sentimita sita.

"Unaona, Shangazi?" Mwenyekiti alisema kwa furaha ya kweli. "Ukitaka, unaweza."

Akagonga muhuri. Asubuhi, gazeti liliisha mitaani kabla ya saa tatu.