Risasi Kumi Zangu, Mbuzi wa Nzioka

Jamaa zangu wa Mombasa, leo sina uso. Nawaandikia mwenyewe kabla basi la kesho halijawaletea habari hii ikiwa imetiwa chumvi. (Haihitaji chumvi.)

Mnajua nilirithi bunduki ya marehemu baba, ile ndogo ya tuu-tuu (.22) aliyokuwa akifukuzia nyani shambani. Leseni ninayo. Tangu nifungue duka la ushonaji hapa Kabati nimeingia kwenye kikundi cha watu wenye bunduki kama hizo: mwalimu mmoja, daktari wa mifugo, wenye maduka wawili watatu. Mara moja moja tunakutana kwenye shimo la zamani lilikochimbwa murramu ya barabara, tunabandika karatasi za shabaha mbele ya ukuta wa udongo, tunashindana. Mambo ya kirafiki. Hakuna anayenuna. (Uongo. Tunanuna wiki nzima.)

Leo walikuja wageni kutoka Salama, na mshindi alikuwa achukue mbuzi. Beberu mwekundu, mnene, alikuwa amefungwa pembeni anatafuna kamba yake.

Huyo beberu ndiye aliyeniponza. Jana nilimwambia mke wangu Mueni, "Waite wazazi wako kutoka Mbooni waje kesho. Watakula mbuzi."

"Mbuzi gani?"

"Ya mashindano."

"Kwani umeshinda?"

"Hiyo ni kesho."

Mueni aliniangalia kama mteja niliyemkatia suruali fupi. Lakini alituma ujumbe. Kwa hivyo msidhani leo nilienda kucheza. Nilikuwa na wakwe njiani na sufuria tupu jikoni.

Asubuhi nikavaa suruali yangu mpya ya belbotomu, ya kijani, pana huku chini na mapajani imebana. Niliiona kwenye picha ya gazeti nikaishona mwenyewe. Imebana kiasi kwamba kabla ya kukaa lazima nifikirie kwanza. Lakini fundi ni tangazo la duka lake, au sivyo?

Kule shimoni msimamizi wetu ni Sajenti Kilonzo, askari mstaafu. Akauliza kama kuna mtu mwenye neno kabla hatujaanza. Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikasimama. Mara iliyopita watu walibishana mpaka soda zikapata moto, kwa sababu ya tundu moja tu kwenye karatasi moja.

"Sajenti, leo hatutaki kesi," nikasema. "Tundu ni ya mwenye karatasi. Ikipatikana kwa karatasi yangu ni yangu, ikipatikana kwa yako ni yako. Hakuna mtu kuja kulia hapa ati risasi yake ilihama!"

Wakanipigia makofi. Nikayapenda sana yale makofi.

Nikapewa karatasi ya tatu. Ya nne, upande wangu wa kulia, ilikuwa ya Nzioka wa Salama, muuza matairi. Miwani yake ni mizito kama kitako cha chupa. Nikamwuliza kwa sauti, watu wasikie, kama angependa karatasi yake iletwe karibu na pua.

"Ai, fundi," akasema, "mimi nimekuja tu kuona watu. Na kunywa soda."

Tukalala kifudifudi, bunduki mbele, kila mtu na risasi kumi. Naweka viwiko chini, nikasikia trrrr. Nyuma. Katikati. Upepo ukanimalizia habari.

Hata hivyo sikuogopa. Nyuma yangu walikuwa wanaume tupu, na kina mama wa kanisa waliokuwa wakiuza chai walikuwa na kazi yao upande wa kulia. Nitapiga, nitashinda, nitajifunga koti kiunoni. Ndipo nikasikia sauti kutoka kwa hao kina mama:

"Mama Mueni! Karibu! Kaa hapa mbele uone vizuri. Mkwe wako ni ile ya suruali kijani."

Mama mkwe! Amefika mapema, amepitia kwenye mashindano!

Nyinyi mmekaa pwani mpaka mmesahau mambo yetu, basi niwakumbushe. Kwetu Ukambani mama mkwe hatazamwi usoni. Mkikutana njiani unaingia kichakani mpaka apite. Tunaita nthoni. Pasta anasema hayo ni ya kale, na mimi nimeokoka, lakini miguu yangu haijaokoka: nikimwona yule mama inaingia kichakani yenyewe. Sasa fikirieni. Kama uso wangu tu ni tatizo, je, hiyo sehemu nyingine?

Nikafanya lililowezekana. Nikajivuta kwa tumbo, nikaizungusha miguu kushoto, kidogo, tena kidogo, mpaka nikapiga hesabu kwamba kutoka alipokaa ataona ubavu peke yake. Macho nilikuwa nimeyafumba kwa aibu.

"Fundi, uko na minyoo?" Sajenti akauliza.

"Natafuta mahali pazuri, afande."

"Haya. Tayari! Piga!"

Nikafumbua jicho. Karatasi iko pale pale, mbele ya mdomo wa bunduki. Nani huuliza karatasi jina lake?

Jamani, nilipiga! Sijawahi kupiga vile tangu nizaliwe. Mkono ulitulia, pumzi ilitulia, labda kwa sababu sikuthubutu kutikisa kitu chochote mwilini. Sajenti alikuwa na darubini yake, akapiga kelele, "Kuna mtu hapa anashona na cherehani!" Watu wakacheka, wakataja jina langu. Fundi hapa ni mmoja tu.

Nzioka alikuwa akipiga na kuguna. Alipomaliza akaanza kufuta miwani. "Zangu zote zimeenda kwa mchwa," akasema.

Nikamhurumia. (Mimi! Nikamhurumia yeye!)

Karatasi zikaletwa. Wenzangu wote wamesimama, mimi nimelala palepale na bunduki yangu. Sajenti akainua ya tatu, akaigeuza huku na huku.

"Fundi, hii yako ni safi. Vile ilitoka dukani ndivyo iko."

Kisha akainua ya nne. Matundu kumi, katikati kabisa, yamesongamana mpaka kifuniko cha soda kingeyafunika yote. Nzioka akavaa miwani, akaivua, akaivaa tena. Halafu akainua mikono yote miwili juu.

"Mungu hasahau watu wake!"

Ndipo nikaelewa: miguu ilipokwenda kushoto, bunduki ilikwenda kulia. "Sajenti!" nikapaza sauti kutoka mavumbini. "Hizo ni zangu!"

"Simama uongee kama mtu."

"Niko sawa hapa."

"Nimesema simama!"

"Mgongo unauma!"

Hivi mmewahi kukata rufaa mkiwa mmelala kifudifudi? Hakuna anayekusikiliza. Unazungumza na viatu.

Sajenti akawageukia watu. "Asubuhi ni nani alisema tundu ni ya mwenye karatasi?"

"Fundiii!" shimo zima likajibu. Wa Salama walijibu, hilo sawa. Lakini watu wangu wa Kabati ndio waliojibu kwa nguvu zaidi, wakiongozwa na daktari wa mifugo, ambaye koti lake liko dukani kwangu linangoja mikono. (Litangoja mpaka Krismasi.)

Nzioka akamfungua beberu, akapita naye karibu na kichwa changu. "Asante, fundi. Ukipita Salama, kuja tukule." Nilitamani kumng'ata kifundo cha mguu. Beberu akaninusa, akaniacha.

Wa kuniokoa alikuwa Mueni. Akaja mbio na leso kutoka upande wa kina mama, akanirushia bila kuniangalia. Nikajifunga nikiwa chini, nikainuka: maua mekundu juu, kijani chini, mavumbi kila mahali. Walicheka mpaka mwalimu akakaa chini. Nikainamisha kichwa nikaondoka kwa njia ya nyuma ya maduka, mke wangu akinifuata.

Tulipofika karibu na nyumbani nikaona nimshukuru. "Hii leso yako imenisaidia."

"Si yangu. Yangu nimefungia mtoto mgongoni." Akamkaza mtoto vizuri. "Hiyo ni ya mama."

Kumtazama mama mkwe ni kosa. Mimi nimevaa nguo yake, tena juu ya suruali iliyopasuka, mbele ya watu wa wilaya mbili! Na wazee wetu wanajua dawa ya kosa la namna hiyo. Ni mbuzi. Unampelekea mama mkwe mbuzi, ndipo mnaweza kuendelea kuogopana kwa amani.

Yaani nimetoka kwangu kutafuta mbuzi mmoja, nimerudi bila mbuzi, na nadaiwa mbuzi.

Wakwe wamekula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, na maharagwe. Baba mkwe, mzee mwenye adabu, aliuliza mara moja tu kama beberu bado anachunwa. Mimi nilikula peke yangu nyuma ya jiko, nimekaa na kuku. Nilimsikia Mueni akimweleza mama yake mambo yote kuanzia mwanzo. Kisha Mueni akatoka, maana mama mkwe hawezi kunitumia neno ila kupitia kwake. Alikuwa ameuma midomo asicheke.

"Mama anasema anaingojea mbuzi yake."

"Mwambie ataipata."

"Na anasema usiende kuitafuta na bunduki."

Basi. Yeyote kati yenu atakayecheka asiniletee nguo tena.