Njia ya Watoto na Uzio Wangu

Jumatatu, 9 Septemba
Leo nimeupatia Mtaa wa Juu njia ya watoto wa shule. Peke yangu! Haya, uongo. Nilisinzia mkutanoni, nikaamshwa na makofi. Wilaya imetenga fedha za njia ya miguu na baiskeli, ila mtaa mmoja tu ndio utakaoipata: wetu, au Mtaa wa Chini anakokaa Temirkul. Alhamisi watahesabu watoto wanaopita. Wenye wengi wanashinda. Temirkul kaniambia mbele za watu kwamba mtaa wangu hupitwa na bata. Mjukuu wangu Aijarkin hupita hapo akibanwa na malori ya mchanga. Hilo silicheki.

Jumatano, 11 Septemba
Nimepata akili! Alhamisi huwa tunawakaangia marehemu wetu borsoki, mikate midogo ya mafuta, harufu iwafikie huko waliko, na mikate yenyewe iliwe na watoto wapitao. Ni ibada, si hongo. Nimemwomba mke wangu Burul akande nusu gunia. Kauliza kama nimefiwa na kijiji kizima. Nimemjibu nina ukoo mkubwa.

Alhamisi, 12 Septemba
Watoto wamefurika! Wengine wamepita mara sita, wakizungusha baiskeli nyuma ya msikiti na kurudi. Bi Gulsaira wa wilaya kahesabu mia nne na kumi na wawili. Mwalimu mkuu kamnong'oneza kwamba shule ina watoto mia na sitini. Aibu! Gulsaira kanitazama, kachana karatasi, kachukua borsoki ya tisa. Kisha kaanza upya, kila mtoto jina lake na anakokaa. Tumeshinda kwa watoto watatu. Watatu! Marehemu wangu, asanteni.

Jumatatu, 16 Septemba
Wamekuja na kamba ya kupimia. Kumbe uzio wangu umeingia barabarani hatua mbili. Nimeapa umesogea wenyewe. Gulsaira kauliza, pamoja na banda la kuku? Urudi nyuma kabla ya Jumapili, la sivyo fedha zinashuka kwa Temirkul. Nimekasirika, nimekataa. Aijarkin kanionyesha soksi zake, tope la lori hadi magotini. Nimekubali. Mjanja huyu, kamrithi nani?

Jumamosi, 21 Septemba
Kijiji kizima kimekuja kunihamishia uzio bure. Ashari, kazi ya pamoja! Bure yenyewe ni kondoo wangu, maana mwenye kazi ndiye anayechinja. Temirkul kafika wa kwanza na nyundo, meno ya dhahabu yote nje. Nyundo kaishika dakika kumi. Mafuta ya mkia kayala saa nzima, kisha kasema uzio umepata pumziko unalostahili.

Jumapili, 13 Oktoba
Njia imekwisha, laini kama meza. Aijarkin kapita na baiskeli, kaachia mikono yote miwili. Malori kule, yeye huku! Nimepiga mluzi kama mwehu. Kisha nikaegemea uzio, nikaitazama njia vizuri. Pana mno. Watoto wenyewe wembamba. Uzio ukisogea shibiri moja, nani ataona? Temirkul ndugu yangu, mafuta ya mkia uliyala kwangu. Basi kesho asubuhi njoo unishikie kamba. Shibiri moja tu!