Godoro la Kurukia

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimekuwa mwalimu wa michezo! Mimi, mwalimu wa Historia, mwenye kitambi kinachotangulia kuingia darasani. Kikaoni Mwalimu Mkuu aliuliza nani atachukua Elimu ya Michezo, maana aliyekuwa akilifundisha somo hilo amehamishwa. Wote wakainamia vikombe vyao vya chai. Mwalimu wa Hisabati alikuwa anainua mkono, nikamwahi. Huyu bwana huja kazini kwa kukimbia, kila siku, kwa hiari yake mwenyewe. Tunamwita Mbio. Alininunia mpaka saa ya kutoka.

Hajui ninachokifuata. Somo la michezo lina stoo yake, stoo ina ufunguo, na ndani mna godoro nene la kurukia. Nyumbani tuna mapacha wa miezi miwili. Mmoja akinyamaza, mwenzake anapokea zamu. Mama mkwe amekuja kutusaidia, naye anakoroma. Sijapata usingizi wa maana tangu watoto wazaliwe. Mchana, nilipomaliza vipindi vyangu, nikalijaribu lile godoro. Jamani! Niliuchapa usingizi mpaka kengele ya mwisho. Nina raha mimi.

Jumanne, 4 Machi

Nimefungua kitabu cha somo. Kumbe ni maneno tu! Ustahimilivu: mwili kufanya kazi muda mrefu bila kuchoka upesi. Wepesi: kugeuka na kubadili mwelekeo haraka. Unyumbufu: viungo kujikunja na kujinyoosha bila taabu. Nimeandika ubaoni, wamenakili, tumekariri kwa pamoja. Hakuna aliyetoka jasho. Halafu nikakuta ukurasa wa dhahabu: mwili hujijenga wakati wa mapumziko. Mapumziko ni sehemu ya mazoezi! Kitabu ndicho kimesema, si mimi.

Jumatano, 5 Machi

Nimewatoa Darasa la Sita uwanjani, nikawaambia leo ni mapumziko kwa vitendo. Wakalala kwenye nyasi kwa nidhamu kabisa. Mimi nikaingia stoo kuwasimamia kwa mbali. Mbio akawaona kupitia dirisha la darasa lake, akaenda (akikimbia, bila shaka) kumwita Mkuu. Mkuu akauliza wanafunzi wanafanya nini. Kiranja, msichana asiyejua kudanganya hata kwa dharura, akamjibu kwamba wanapumzika. Baada ya zoezi gani? Akasema zoezi bado, mwalimu atalileta akiamka.

Nimeitwa ofisini. Mkaguzi anakuja keshokutwa kuangalia kipindi hichohicho. Nikiboronga, ufunguo anakabidhiwa Mbio. Na Mbio ameshatangaza kwamba godoro limezeeka, atalitupa ili apate nafasi ya mipira. Alitupe! Nimekosa hamu ya kula. Nimekula kidogo tu, mara mbili.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata! Mapigo ya moyo! Kitabu kinasema yapimwe kwanza mtu akiwa ametulia, amelala chali, ndipo yapimwe tena baada ya zoezi. Basi lazima apatikane wa kulala, na lazima pawepo pa kulalia. Kiranja akajitolea. Nikamwambia hapana, mwalimu ni kielelezo. Mkaguzi ataona somo, godoro litaonekana lina kazi, nami nitajinyoosha mbele ya serikali nzima bila kosa.

Nimemweleza mke wangu. Alicheka mpaka pacha mmoja akaamka. Akasema akili hizi ningezitumia kwa jambo jingine tungekuwa mbali. Nimeipokea kama sifa.

Ijumaa, 7 Machi

Mkaguzi ni mama mnyamavu, kalamu nyuma ya sikio. Mbio alisimama karibu, amekunja mikono kifuani, akisubiri niaibike. Godoro likatolewa nje. Nikalala chali. Kiranja akanishika kifundo cha mkono, wenzake wakashika kalamu. Palikuwa na kivuli na kaupepo kazuri. Nilimsikia mkaguzi akiuliza maana ya ustahimilivu, na darasa zima likajibu. Baada ya hapo sikumbuki kitu.

Nimeamshwa kwa kutekenywa unyayo. Mkaguzi anatabasamu! Akasema tangu aanze ukaguzi hajaona mwalimu aliyetulia kiasi hicho. Nikavimba kichwa, nikawa natafuta viatu vyangu niondoke na ushindi. Kiranja akanyoosha mkono. Akakumbusha kwamba bado mapigo ya baada ya zoezi, na lazima apimwe mtu yuleyule, la sivyo hakuna cha kulinganisha. Akaongeza kwamba mimi ndiye niliyewafundisha. Nilifundisha lini? Labda nilipokuwa nasoma kitabu kwa sauti ili muda uende.

Nikakimbia. Uwanja mzima! Wanafunzi wanashangilia, kitambi kinafuata njia yake. Kwenye kona ya pili Mbio akaja kukimbia kando yangu. Nikadhani amekuja kunicheka. Akaniambia nilegeze mabega na nivute pumzi taratibu, akaenda nami hadi mwisho. Ilisaidia, jambo lililoniudhi sana. Nikajitupa godoroni. Kiranja akashika mkono wangu, akahesabu, kisha akasema moyo wa mwalimu umemwacha nyuma.

Mkaguzi ameridhika. Ufunguo ni wangu! Ila ameagiza godoro litumike nje kila siku, nami nikimbie na wanafunzi kila kipindi ili wachore grafu ya mapigo yangu. Mkuu alikubali palepale. Sikuulizwa.

Jumamosi, 8 Machi

Nimelala! Tangu jioni mpaka jua limeingia chumbani! Mke wangu anasema mapacha walilia kama kawaida, mama yake alikoroma kama kawaida, na mtoto alibadilishwa nepi juu ya mgongo wangu na wala sikushtuka. Miguu inaniuma, lakini moyo wangu mweupe kabisa.

Nimekaa kutafuta sababu kwa makini, maana mimi ni mtu wa kufikiri. Jana palikuwa na jambo moja tu geni: nililala upande wa ukutani. Basi ni ukuta! Nimetangaza kwamba upande huo ni wangu tangu leo. Mke wangu akasema haya, Baba Mapacha.

Kilichobaki ni hizi mbio, zisije zikaniharibia usingizi sasa nilipoupata. Nasikia chumba cha huduma ya kwanza hakina msimamizi. Kina kitanda, shuka safi na pazia. Jumatatu nitamwomba Mkuu anihamishie huko, na Mbio achukue mazoezi yake, ambayo mimi sijaona yanamsaidia mtu nini.