Kiboko Abaki Ng'ambo

Jumatatu, 3 Machi

Leo bosi katuita mimi na Kidevu, mpiga picha mwenzangu hapa studio. Kasema biashara imelala, hawezi kutulisha wote wawili. Kuna mteja anataka picha ya kiboko kwa kalenda yake. Atakayeleta nzuri kufikia Jumatatu ijayo anabaki, mwingine akatafute ustaarabu wake. Kidevu kachekelea. Maisha yangu yote ni picha za pasipoti. Hata mbwa wa jirani nampisha. Lakini nikifukuzwa, nitamtazama mke wangu kwa macho gani? Nikajibu kwamba viboko ndio fani yangu. Sijui nani alinituma.

Jumanne, 4 Machi

Dawa nimeipata. Lenzi ndefu. Kiboko abaki ng'ambo yake, nami yangu, tuheshimiane kama wakwe. Nikaenda kwa fundi wa kamera, anauza na lenzi kuukuu. Mpya sikuzigusa, bei zake hata kuzisoma nilisoma nimesimama mbali. Fundi kanishauri nichukue ya wastani, iliyotumika, nyepesi, inayozuia mtikisiko. Au nikodi tu. Nikamuuliza ipi ndefu kuliko zote. Kanitolea bomba la lenzi, kioo kina ukungu. Kaonya kwamba ni zito, linataka jua kali, na vitu vya mbali litanisogezea hadi puani. Hilo la mwisho sikulisikiliza, nilikuwa napima urefu. Tumebadilishana na simu yangu.

Alhamisi, 6 Machi

Bomba linatikisika mikononi. Stendi ya kamera sina. Fundi alisema lenzi nzito hulazwa juu ya mfuko wa maharage, basi nimechukua ule wa jikoni mke akiwa kazini. Nikamlenga paka juu ya ukuta. Macho yake yote mawili yakanijaa usoni! Nikaruka nyuma, nikagonga kabati. Nimejiambia ni mazoea tu.

Jumamosi, 8 Machi

Tumekwenda mtoni na mlinzi wa hifadhi. Kasema mto ni mpana, kiboko yuko kule ng'ambo anasinzia, hana habari na sisi. Kidevu kakaa nyuma yangu na kilenzi kifupi cha kuazima. Nikamwonea huruma. Nikalaza bomba juu ya maharage, nikatia jicho, nikazungusha pete hadi picha ikatulia. Kiboko akapiga mwayo.

Meno. Ulimi. Koo lote, jekundu, ndani ya kope zangu. Kilichofuata nimesimuliwa na mlinzi. Anasema nilipiga ukunga, nikatupa kamera, nikaukumbatia mfuko na kukimbia nao hadi kwenye gari. Mfuko ulikuwa umetoboka. Kiboko, anasema, alifunga mdomo akaendelea kusinzia.

Mke wangu kauliza maharage yako wapi. Nimemwambia ni habari ndefu. Kaninunia.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekwenda kazini nimeshaaga moyoni. Picha sina. Kidevu anayo: kiboko kule nyuma kaachama, na huku mbele mtu mzima anakuja mbio amekumbatia mfuko, maharage yanamwagika nyuma yake. Mteja kacheka hadi kakaa sakafuni. Sasa anataka kalenda nzima iwe ya namna hiyo. Kidevu anabaki. Nami nabaki, ila kazi yangu ni kukimbia. Jumamosi tunakwenda kwa mamba.

Lakini mtu mzima hukaa akalitafuta kosa lake, nami nimelitafuta na nimelipata. Lenzi ilikuwa fupi. Mchana nimerudi kwa fundi na bomba lile, pamoja na redio ya mke wangu, nimebadilishana na ndefu zaidi. Hii inasogeza vitu karibu mara mbili ya ile. Sasa niko salama.