Ombi la Kusogezwa kwa Setilaiti Mita Nne Mashariki

Kijiji cha Kuikkalampi,
Kainuu, Finland.
Jumatano, mwezi wa kumi.

Kwa Mhariri,
Gazeti la Wawindaji na Watembea Porini.

YAH: KUTANGAZWA KWA WASHINDI WAWILI, NA MADHARA YALIYOMPATA HIRVI MMOJA NA MASHEMEJI WAWILI

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na ofisi yako ikiwa palepale ilipokuwa jana, maana siku hizi huku kwetu jambo hilo halina uhakika.

Mimi ni mwenyekiti wa chama cha wawindaji cha Kuikkalampi, upande wa ziwani. Upande wa kilimani mwenyekiti ni shemeji yangu Oiva Tolonen, kaka wa mke wangu Hilkka. Tangu nimwoe Hilkka, mimi na Oiva tumeoga sauna pamoja kila Jumamosi, tukachapana migongo kwa matawi mle kwenye mvuke na kula soseji bila ugomvi, isipokuwa kuhusu haradali. Sasa hatusemeshani. Aliyesababisha ni wewe, na nasema hivyo kwa heshima zote.

Katika toleo lenu la masika mlieleza namna ya kuchagua GPS ya mkononi. Mlisema mnunuzi atazame kioo kinachosomeka juani, betri isiyozimia kwenye baridi, vitufe vinavyobonyezeka hata mtu akivaa glavu, na ramani yenye mipaka ya misitu. Maneno ya hekima. Nilimsomea Hilkka yote wakati anamenya viazi. Lakini mwishoni, badala ya kumtaja mshindi, mkaandika kwamba vifaa viwili, cha njano na cha kijivu, "vimelingana kwa kila hali."

Mimi nikanunua cha njano. Oiva akanunua cha kijivu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Vifaa hivyo havilingani. Jumamosi ya kwanza ya msimu nilimpiga hirvi dume, mkubwa kuliko farasi, pembe zake kama makoleo mawili. Akakimbia, mbwa wangu Rusko nyuma yake, mimi nyuma ya Rusko, na kinamasi kikinivuta buti. Akaanguka karibu na jiwe la mpaka wa vyama vyetu. Oiva alikuwa amekwisha kufika, kofia yake ya rangi ya chungwa kichwani na kile kidude cha kijivu mkononi.

Zamani, mnyama akianguka karibu na jiwe lile, mmoja wetu alisema, "Kaanguka pale," mwingine akaitikia, "Ehe," tukagawana nyama na kunywa kahawa. Safari hii Oiva hakuniangalia hata usoni. Alikiangalia kioo.

"Shemeji," akasema, "huyu kalala kwangu."

"Kidude chako kimelewa," nikamjibu. "Changu kinasema yuko kwangu, mkia na vyote."

"Chako cha njano kama kifaranga cha bata! Hicho cha kuchezea mtoto akiogeshwa."

"Na chako kama kichwa chako: kijivu, na ndani hamna betri."

Tukaviweka vyote viwili juu ya kisiki kimoja. Vikatofautiana mita nne. Tukahamia kisiki kingine. Mita nne. Oiva akapima kuanzia puani, mimi nikapima kuanzia mkiani. Rusko alituangalia wote wawili, akaenda zake kulala.

2. Nyama haina mwenyewe. Kila mwaka msimu ukianza tunawafanyia wanakijiji karamu ya hirvi ukumbini, na ya mwaka huu ni Jumamosi hii. Wazee wanaisubiri kuliko Krismasi. Lakini hirvi ananing'inia katika banda la kuni la shule ya zamani, mlango una makufuli mawili, langu na la Oiva, na hakuna anayefungua bila mwenzake. Bi Impi Kyllönen, mpishi wetu, alikuja na sufuria yake akakuta kumefungwa. Akatusema njia nzima mpaka wenye magari wakasimama: "Nyie vizee viwili! Basi nitawapikia supu ya mpaka, mle ubishi na vitunguu!"

3. Miguu ya Oiva. Mhariri, mpaka ule haukomei jiweni. Unateremka mpaka kijijini na kupita katikati ya uwanja wake na wangu. Nilipopima vizuri, niligundua kwamba kwa hesabu ya kifaa cha njano nusu ya chumba cha kulala cha Oiva ni yangu. Kichwa analaza kwake, miguu analaza kwangu. Sikutaka makuu. Nilimtumia ujumbe wa kistaarabu kwamba simtozi chochote, ila akipanda kitandani avae soksi safi. Akanijibu kwamba kwa hesabu ya kijivu jiko langu liko kwake, na kwamba kahawa ninayochemsha humo ni nyepesi mno, naliaibisha jiko lake.

4. Sauna. Hili ndilo linaloniuma. Tuliijenga wawili, gogo kwa gogo, pale uwanja wake unapokutana na wangu. Kwa njano ni yangu, kwa kijivu ni yake. Mimi nimempiga marufuku, naye amenipiga marufuku, na kwa kuwa sote ni watu wa kufuata sheria, hakuna aliyeingia. Kijiji kimekwisha kuijua habari hii kwa pua. Jumamosi iliyopita nilisimama kibarazani na taulo begani. Oiva naye kasimama kwake, taulo begani. Bomba la sauna halikutoa moshi. Nilitaka kumwita, Mhariri, jina lilikuwa mdomoni kabisa. Badala yake nikanyanyua kifaa changu. Naye akanyanyua chake. Tukarudi ndani na mgongo unaniwasha hadi leo, pale katikati ambapo mkono wa mtu mwenyewe haufiki.

5. Rusko hajui abweke upande gani.

Kwa hayo niliyoeleza, naomba yafuatayo. Kwanza, mtangaze mshindi mmoja. Simshawishi mtu, ila rangi ya njano inaonekana vizuri zaidi ikidondoka kwenye majani. Ikiwa heshima ya gazeti haiwaruhusu kubadili mlichoandika, basi naomba muwaandikie wenye setilaiti wazivute mita nne upande wa mashariki. Si nyingi. Kwa vitu vilivyo juu namna ile sidhani kama vitahisi, na huku chini zitatosha kumrudisha hirvi kwangu na Oiva kitandani kwake. Najua huenda mabaharia wakagonga miamba kidogo, lakini wao wana mataa ya kuwaongoza. Sisi tuna jiwe tu.

Na hilo likishindikana, njoo mwenyewe na kifaa cha tatu. Utasimama jiweni, utatamka, nasi tutatii. Hilkka atakupikia kahawa jikoni kwangu, au jikoni kwa Oiva, itategemea unatumia kifaa gani.

Wasalimie wapiga chapa, wasahihishaji, na hasa yule kijana aliyevifanyia majaribio vifaa vile. Mwambie simchukii, ila asipite huku.

Ni mimi msomaji wako mtiifu, niliye kwangu kwa kadiri ninavyofahamu,

Taavetti Karppinen,
Mwenyekiti, Upande wa Ziwani.

Baada ya saini: Nilimpa Hilkka barua hii anisahihishie herufi. Aliisoma yote amesimama, kisha akafungua dirisha akamwita kaka yake kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tulipochoma zulia. Oiva alikuja mbio.

"Kaeni," akasema Hilkka. Tukakaa. "Shangazi yetu Saimi alipofariki mwezi wa tano alimwachia nani ule msitu wake mnaowinda? Wote, wa ziwani na wa kilimani?"

Tukatazamana. Oiva akauliza, "Alikuachia wewe?"

"Na vibali vyenu vya kuwinda humo vilikufa naye. Niliwatangazia watu wote siku ya mazishi, wakati wa kahawa. Nyie mlikuwa wapi? Mlikuwa nje makaburini, mmenyanyua hivyo vidude mnahesabu setilaiti!"

Kwa hiyo, Mhariri, mpaka haupo, na sisi tuliwinda bila ruhusa ya mwenye msitu, ambaye asubuhi ile ndiye aliyetufungia mikate. Amechukua funguo zote mbili akampelekea Bi Impi. Karamu ipo. Sauna imekwisha kuwashwa kwa amri yake, amesema tunanuka.

Tafadhali setilaiti mziache zilipo. Sasa hivi mimi na Oiva tumekaa meza moja tunamenya karoti za watu themanini. Anaomba nikuulize kama mna makala ya kulinganisha visu vya kumenyea. Nimemwambia akithubutu kuisoma, mimi naondoka.