Breki ya Kumpokea Mama Mkwe

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Namshukuru Mungu kwa uzima. Pikipiki nayo nzima, ila haisimami bila mayowe. Leo nimefunga breki nje ya kanisa, mchungaji akakatiza dua akidhani kuna aliyepagawa.

Fundi ameitazama diski ya breki ya mbele. Akasema: imelika, mzee, hii hata kitunguu itakata. Nikamwambia mimi ni mtu wa imani. Akasema imani ni yangu, breki ni ya wapita njia. Breki ya nyuma hakuigusa. Ile ilikwisha zamani, imebaki pambo.

Jumamosi Mama mkwe anakuja kukaa. Mke wangu amepanga chumba, mapazia kayapiga pasi. Ametamka wazi: pikipiki ikiwa bado inalia, mama atapokewa na mume wa binti yake mdogo, na akipokewa huko atakaa hukohuko. Huyo bwana tunamwita Kofia. Helmeti haivui hata mezani.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Mlango ukilia tunautia mafuta. Bawaba na diski zina tofauti gani? Zote chuma. Nimepaka mafuta ya kupikia pande zote mbili, pamoja na sala fupi.

Kimya. Mke wangu kaniita Baba Watoto kwa sauti laini, ile ya siku nikifaulu jambo. Haisikiki mara nyingi.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Kimya kilikuwa kamili hata nilipotaka kusimama. Nimeingia katikati ya kwaya iliyokuwa ikifanya mazoezi uani kwa kanisa. Hakuna aliyeumia, Mungu ni mwema. Sauti ya kwanza walitawanyika, besi wakanidaka. Kofia ni besi. Akaniuliza kwa upole kama nimekuja kujiunga.

Mke wangu hakugomba. Alisema tu kwamba mama yake si gunia. Afadhali angegomba.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Nimesalimu amri. Fundi amefunga diski mpya na pedi mpya za kuibana. Kaniasa: mzee, usiipake kitu, nenda nayo taratibu mpaka zizoeane. Mke wangu kapanda nyuma tukaijaribu kwenye mteremko. Inakamata hasa. Akacheka. Nilikuwa nimekisahau kicheko kile.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Asubuhi nimeosha pikipiki. Diski ilipokauka nikaona imepauka, kama miguu ya mtoto aliyetoka kuoga. Mgeni wa heshima hapokewi na kitu kilichopauka. Nikaipaka mafuta ya mgando, kiasi tu, yale ya kunukia. Ya kupikia sikuyagusa. Mimi si mjinga.

Mama mkwe kapanda, begi kifuani, akanisifu: mkwe wangu, unaendesha kwa utulivu. Nyumba yetu iko katikati ya mteremko. Mke wangu alisimama mlangoni, mikono wazi. Tukampita. Mama akampungia.

Tulisimama chini kabisa, kwenye ua wa michongoma, nje ya lango la Kofia. Mama mkwe akashuka, akakung'uta majani, akasema hapahapa panamtosha.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Mke wangu ameshuka kumsalimu mama yake. Kwa miguu. Chumba tumekifunga, mapazia bado yamenyooka.

Nimefunga na kuomba nionyeshwe kosa liko wapi. Diski mpya, pedi mpya, mafuta mazuri. Jibu nimelipata kabla ya adhuhuri: ni mteremko. Binadamu hashindani na mteremko. Tutahamia tambarare, na Mama mkwe atarudi kwetu. Vyombo nitavibeba mwenyewe, kwa pikipiki. Nitaanza na kabati.