Inchi Moja na Nusu Kila Upande

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Maikrowevu imekufa! Asubuhi mama mkwe aliweka supu yake ya jana, sahani ikazunguka nusu mzunguko, ukatoka mlio kama wa paka aliyekanyagwa mkia, kisha kimya. Fundi umeme wa nyumba ya pili kaifungua, kaitazama, kaifunga. Akasema kuitengeneza ni kazi bure, tununue nyingine. Nilimshukuru kwa uso wa msiba. Moyoni, shangwe tupu.

Nieleze. Nyumba hii ni yangu, lakini hakuna kitu ndani yake nilichokichagua mimi. Meza, kachagua shemeji. Mlango, shemeji. Hata kitanda ninacholalia, shemeji. Huyu ni kaka wa mke wangu, seremala, mtaa mzima unamwita Rula. Kabati la jikoni kalijenga yeye, pamoja na ile nafasi ya katikati ya kuwekea maikrowevu. Mimi ni fundi cherehani mwaka wa kumi na tisa sasa. Nimepima maharusi, mahakimu na kikosi kizima cha zimamoto. Jikoni kwangu sijapima hata kijiko.

Jioni mke wangu karudi kazini (ni muuguzi), kavua viatu, kala chakula cha baridi amesimama. Nikaona bahati ndiyo hii. Nikamwambia suala la maikrowevu aniachie mimi. Kaweka sahani chini, akasema sawa, ila nikiboronga, kazi anapewa kaka yake. Na si maikrowevu tu: kila kitu kitakachoingia jikoni tangu siku hiyo, mpaka tunazeeka.

Nilikubali kabla hajamaliza sentensi.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimeamka mapema nikapime kabla Rula hajapata habari. Utepe shingoni, penseli sikioni. Upana wa nafasi: inchi ishirini na moja. Nikaongeza inchi moja na nusu kila upande, kama kawaida. Wala sikufikiri, mkono wenyewe umezoea. Kitu kinachobana hakidumu, miaka kumi na tisa imenifunza. Nikaandika daftarini: 24. Kimo na kina havina neno, hata mbuzi angeenea.

Saa sita Rula huyo! Dada yake kamwambia. Kaleta karatasi yenye vipimo vyote kwa penseli, na jina la maikrowevu anayoipenda yeye, yenye chuma cha kuchomea nyama. Mwamba ngoma huvutia kwake. Niliipokea karatasi kwa mikono miwili, kwa adabu zote, kisha nikaifutia mafuta ya cherehani.

Wakati wa kula mke wangu akaanza kusema kwamba yeye angependa tu, kuhusu ile milio... Nikamkatiza kwa upole. Nikamwambia asijisumbue, mambo yote nimeyashika. Akarudi kwenye sahani yake. Nadhani alifarijika.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Leo nimeanza na kutafuta kura ya mama mkwe. Mkono mtupu haulambwi: nimempunguzia gauni lake la zambarau bila malipo na kumwekea mifuko miwili mipya. Akafurahi. Akasema yeye haombi makubwa, anataka ile ya kuzungusha kwa mkono tu, maana vile vitufe vidogo havioni mpaka avae miwani, na miwani haioni mpaka aivae. Nikamwahidi. Kuahidi si kununua.

Kisha dukani. Kuna safu nzima ya maikrowevu, nyeupe, nyekundu, za fedha. Nikapita mbele yao mikono nyuma, kama jemadari anayekagua gwaride. Muuzaji, dada mmoja mwenye subira ya ajabu, akanifuata na kitambaa cha kufutia.

Nikaiona. Nyeusi, kioo cheusi, namba za buluu. Ina kazi kumi na nne! Inayeyusha barafu, inachoma, inaoka, nyingine sikuelewa inafanya nini lakini ipo. Na ikimaliza haitoi mlio wa kawaida. Inapiga wimbo. Wimbo mzima, kwa sauti ya kutosha, na haiachi mpaka ufungue mlango. Nitausikia hata nikiwa barazani kwenye cherehani.

Muuzaji akauliza nafasi niliyo nayo. Nikasema ishirini na nne. Akasema hii ni ishirini na mbili na nusu, je, nimeacha nafasi ya hewa pembeni? Nilicheka. Nikamwambia inchi moja na nusu kila upande! Akakiri kwamba wateja kama mimi ni nadra. Akauliza pia kama mwenye jiko amekuja kuiona. Nikamjibu kwamba anaongea naye.

Inaletwa kesho. Usingizi utakuja kwa shida.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Haiingii.

Nimejaribu kuisukuma moja kwa moja. Nimejaribu kiupande. Nimepaka sabuni. Nimeomba dua. Nimepima upya: nafasi ni ishirini na moja, maikrowevu ni ishirini na mbili na nusu. Nikakaa sakafuni. Zile tatu zimetoka wapi?

Nikakumbuka. Gauni unaliongezea kitambaa ili mwili upate kupumua ndani yake. Lakini hapa maikrowevu ndiyo mwili, na kabati ndilo gauni. Nimepima gauni, kisha nikamnenepesha mtu!

Mama mkwe alikuwa amelala. Nikairudisha ndani ya boksi, nikaibeba mpaka barazani, nikaificha chini ya gauni la harusi linalosubiri shanga. Baada ya saa moja mteja kaingia, kalitazama lile gauni, kauliza bibi harusi ni nani, mbona kiuno chake ni cha mraba. Nikamwambia ndio mtindo wa mwaka huu. Akapiga picha.

Mke wangu aliporudi nilikuwa nimeshapata dawa. Nikamweleza kwa masikitiko kwamba maikrowevu imefika, nzuri sana, ila kabati la kaka yake limeharibika. Mbao zimevimba kwa unyevu. Simlaumu, nikasema, mbao ni mbao. Mke wangu akasema basi atampigia simu aje aangalie.

Hilo sikulifikiria. Nimejipalia makaa mwenyewe.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Rula kaja alasiri, pamoja na dada yake aliyetoka kazini mapema. Kachuchumaa, kaingiza kichwa ndani ya kabati, kaonyesha alama ya penseli aliyoiandika mwenyewe miaka sita iliyopita: 21. Kapima. Ishirini na moja. Kapima tena kwa kunifurahisha. Ishirini na moja.

Kisha akaomba kuona vipimo vyangu. Nikasema daftari limepotea. Mama mkwe, ambaye nimemwekea mifuko miwili mipya, akalitoa kwenye mmoja wa mifuko hiyo! Aliliokota mezani, akadhani la kwake la sala.

Rula akasoma. Akaona 21, akaona moja na nusu, moja na nusu, 24. Alikaa chini taratibu, kama mtu mwenye maumivu ya mgongo, akacheka mpaka akaletewa maji.

"Shemeji," akasema alipopata pumzi, "kabati halinenepi."

Akajitolea kulikata. Saa moja tu, akasema, na maikrowevu itaingia. Nilitaka kukataa, maana hapo ingekuwa ushindi wake. Lakini mke wangu alikuwa ameshaliinua gauni la harusi na anasoma maandishi ya boksi. Akafika kwenye wimbo. Akaketi kwenye kiti cha wateja.

"Mume wangu," akasema, "nashinda wodini na milio tangu asubuhi. Mashine zinalia, kengele zinalia, watu wanalia. Nilitaka kitu kimoja kinipashie chakula halafu kinyamaze. Nilianza kukwambia Jumanne."

Nikamwambia basi, nimeboronga, jiko alichukue kaka yake. Rula akakohoa na kunyoosha shati.

Mke wangu akatikisa kichwa. Akasema kaka yake naye hakumwuliza kitu, alileta karatasi tu. Rula akaacha kunyoosha shati.

"Sikukupa kazi hii kwa sababu unajua mashine," akaniambia. "Nilitaka uniulize."

Niliona aibu. Aibu ya kweli. Miaka yote hii nimeumia kwamba nyumbani kwangu hakuna anayeniuliza, kumbe yeye naye haulizwi. Wanaume wawili wenye utepe, na hakuna aliyempima mwenye jiko. Nikamwomba radhi mbele ya shemeji. Akasema kesho tunakwenda dukani, wote wawili, na mimi nibebe boksi.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nimebeba boksi.

Kwa kuwa haikuchomekwa kwenye umeme hata mara moja, duka limekubali kubadilisha. Muuzaji akanisalimu, akamtazama mke wangu, akanitazama mimi. Akafuta boksi kwa kitambaa chake. Ana heshima zake yule dada.

Mke wangu alichagua kwa dakika kumi. Nyeupe, ndogo, inchi kumi na nane, ya kuzungusha kwa mkono. Aliomba iwashwe kwanza. Akaikaribia, akasikiliza. Ikalia mara moja, polepole, ting, kama kijiko kwenye kikombe. Akasema hiyo. Tofauti ya bei hawarudishi taslimu, wanatoa hati ya kununulia kitu kingine humohumo dukani. Mke wangu akaniambia niitunze hiyo hati, tutaongea.

Nyumbani imeingia bila sabuni wala dua. Mama mkwe kazungusha mara nne bila kuweka kitu ndani, kwa raha tu. Jioni mke wangu kapasha chakula chake. Ting. Kimya. Akala ameketi, kwa mara ya kwanza wiki hii, miguu ameiweka juu ya mapaja yangu. Akafumba macho. Akasema waziwazi kwamba jiko bado halijakabidhiwa mtu mwingine, na mimi bado nina nafasi.

Bado nina nafasi! Nilitamani kuimba ule wimbo.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Siku njema. Mimi ni mtu mpya, nasema bila kujisifu. Nimeandika kwa herufi kubwa ukutani, juu ya cherehani: MKE ANATAKA KUULIZWA. Rula kapita, kasoma, kaguna, nadhani na yeye kajifunza.

Mchana nilinyoosha miguu kidogo, miguu yenyewe ikanipeleka dukani. Kutazama tu. Pale dirishani ipo mashine ya kufulia, nyeupe, mlango wa duara, mpole, haina wimbo wowote. Nikaifikiria mikono ya mke wangu na zile sare zake za kazi. Machozi yakanilenga. Hati ninayo, na malipo ya gauni la harusi yamekuja jana.

Lakini sasa nimejifunza. Nimeapa: hakuna kitu kitakachoingia jikoni mle bila mke wangu kuulizwa kwanza. Mashine inaletwa kesho saa nne asubuhi, na kesho yeye yuko mapumziko. Nitamwuliza saa tatu.